Kubadili namba ya jezi (mpira wa miguu)

Kubadili namba ya jezi ni kitendo cha mchezaji wa mpira wa miguu kuacha namba aliyoandikishwa nayo na kuchukua nyingine. Katika ligi za kulipwa jambo hili huongozwa na kanuni za mashindano, na kwa kawaida haliruhusiwi katikati ya msimu ila kwa idhini ya wanaoendesha ligi. Sababu yake ni ya kiofisi zaidi kuliko ya kimchezo: namba ndiyo humtambulisha mchezaji kwenye orodha ya timu, kwenye taarifa ya mwamuzi na kwenye kumbukumbu za kadi.

Maana mbili za neno "namba"

Katika Kiswahili cha soka, hasa Tanzania, neno namba lina maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni tarakimu iliyochapwa kwenye jezi. Ya pili ni nafasi ya mchezaji uwanjani. Anayesema "fulani ni namba sita" anamaanisha kiungo mkabaji, hata kama mgongoni ameandikwa 24. Vivyo hivyo namba mbili na tatu ni mabeki wa pembeni, nne na tano ni mabeki wa kati, saba na kumi na moja ni mawinga, na tisa ni mshambuliaji wa kati. Kutokana na maana hii ya pili yamezaliwa maneno kama "kugombea namba", "kupata namba" na "kupoteza namba", ambayo yote yanahusu kuwamo katika kikosi cha kwanza. Kwa hiyo mchezaji anaweza kupoteza namba bila kubadili namba, na anaweza kubadilishiwa namba na kocha kila wiki huku jezi yake ikibaki ileile. Makala hii inahusu tarakimu ya mgongoni.

Namba zilivyoanza

Mchanganyiko huo una asili yake. Mwanzoni tarakimu ilionyesha nafasi hasa. Tarehe 25 Agosti 1928 timu za Arsenal na Chelsea za Uingereza zilicheza mechi zao za ligi zikiwa na namba migongoni, na mwaka 1939 ligi ya nchi hiyo ikazifanya kuwa za lazima. Wanaoanza mechi walivaa 1 hadi 11 kulingana na mahali wanapocheza, hivyo mtu mmoja aliweza kuvaa 8 Jumamosi hii na 10 Jumamosi inayofuata bila yeyote kuona ajabu. Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi lilileta utaratibu wa kila mchezaji kubaki na namba moja mashindano yote. Ligi Kuu ya Uingereza ilifuata msimu wa 1993/94, na hapo ndipo namba ikawa mali ya mtu badala ya kuwa alama ya nafasi. Swali la kubadili namba lilianza hapo. Kabla ya hapo halikuwa na maana.

Kanuni

Sheria 17 za mpira wa miguu hazilazimishi namba. Sheria ya 4, inayohusu vifaa vya wachezaji, inaitaja namba miongoni mwa vitu vinavyoruhusiwa kuwekwa kwenye jezi, basi. Ulazima unatokana na kanuni za kila mashindano, na ndiyo maana taratibu hutofautiana. Hispania timu ya kwanza hutumia 1 hadi 25. Italia mchezaji huweza kuchagua hadi 99. Katika Kombe la Dunia namba hufuata idadi ya kikosi, yaani 1 hadi 26 tangu mwaka 2022, na namba 1 lazima ivaliwe na kipa. Sharti hilo la mwisho halikuwapo zamani: mwaka 1982 Argentina iligawa namba nyingi kwa mpangilio wa alfabeti, na kiungo Osvaldo Ardiles akacheza na jezi namba 1.

Tanzania Bara, kanuni za Ligi Kuu hutolewa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na kusimamiwa na Bodi ya Ligi. Kabla ya kila mchezo timu hukabidhi orodha ya majina na namba kwa waamuzi na kamisaa. Orodha hiyo ndiyo hati ya mchezo. Kinachoandikwa baadaye, iwe goli, kadi au mabadiliko, huandikwa kwa kuifuata.

Ligi nyingi zenye namba za kudumu hufuata misingi inayofanana. Mchezaji hubaki na namba yake msimu mzima akiwa bado na klabu ileile. Akiondoka, namba yake huwa huru na inaweza kupewa mwingine. Anayesajiliwa dirisha dogo huchukua iliyobaki, hata kama nyumbani kwao anajulikana kwa nyingine. Anayetaka kubadili husubiri msimu mpya. Mfano unaofahamika wa kupita njia ya idhini ni wa Manchester United mwaka 2021: Cristiano Ronaldo alirejea wakati msimu umeshaanza, na namba 7 ilikuwa ya Edinson Cavani. Iliwezekana kwa kuwa Daniel James aliuzwa Leeds na kuacha namba 21, Cavani akahamia huko, na ligi ikaridhia.

Ndani ya dakika 90 namba hubadilika kwa dharura tu. Jezi ikilowa damu au kuchanika, na pasiwe na nyingine yenye namba ileile, mchezaji huvaa jezi ya akiba ambayo namba yake haina mwenyewe, na mwamuzi hujulishwa. Kipa akitolewa na timu ikawa imemaliza mabadiliko, mchezaji wa ndani huvaa jezi ya kipa. Hapa pia mwamuzi lazima ajulishwe, na hili limo katika sheria zenyewe.

Madhara ya kumkosea mtu

Anayedhani kanuni hizi ni urasimu mtupu atazame mechi ya Croatia na Australia mjini Stuttgart, tarehe 22 Juni 2006. Mwamuzi Graham Poll alimwonyesha beki wa Croatia, Josip Šimunić, kadi ya njano ya pili na kumwacha aendelee kucheza, kwa sababu kadi hiyo aliiandika kwa namba 3 wa Australia, Craig Moore. Šimunić naye alivaa namba 3. Alitolewa baada ya kadi ya tatu. Mwaka 2014, katika mechi ya Chelsea na Arsenal, kadi nyekundu iliyomstahili Alex Oxlade-Chamberlain ilimwangukia Kieran Gibbs, na ikabidi chama cha soka kimfutie. Siku hizi kumwadhibu asiyehusika ni miongoni mwa makosa machache ambayo mwamuzi wa video anaruhusiwa kuyasahihisha.

Tanzania uzito wa kumbukumbu za kadi ulionekana msimu wa 2016/17. Wakati huo kadi tatu za njano zilimkosesha mchezaji mechi moja. Kagera Sugar ilipoifunga Simba 2-1 mjini Bukoba mwezi Aprili 2017, Simba ilidai kuwa beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa tayari na kadi tatu. Kamati ya Saa 72 iliipa Simba pointi, kisha kamati nyingine ya TFF ikautengua uamuzi huo. Mgogoro huo haukuhusu kubadili namba, lakini ulikuwa juu ya jambo ambalo namba zimewekwa kulilinda: nani hasa alipewa kadi, na siku gani. Ligi ilipomalizika, Yanga na Simba zilikuwa na pointi 68 kila moja, na Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya magoli.

Mchangani

Katika viwanja vya mitaa ya Kinondoni na Temeke, kuanzia Tandale na Mwananyamala hadi Tandika na Mbagala, utaratibu ni mwingine. Timu nyingi zina seti moja ya jezi, na anayeingia mara nyingi huvua mgongoni mwa anayetoka. Namba 9 aliyefunga kipindi cha kwanza na namba 9 aliyekosa penalti kipindi cha pili wanaweza kuwa watu wawili, na watazamaji hawapati taabu kwa sababu wanawajua wote kwa majina ya utani. Taabu huanza timu inapojiandikisha katika mashindano yenye kamati na rufaa. Mchezaji aliyezoea kuvaa jezi yoyote iliyo kavu hulazimika kukumbuka namba moja, na kiongozi wa timu hulazimika kununua seti kamili.

Mbwana Samatta ametokea katika mazingira hayo. Alianzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, kabla ya Simba na TP Mazembe. Alipofika Genk ya Ubelgiji mwezi Januari 2016 alivaa 77, na msimu wa ubingwa wa 2018/19 alikuwa ameshahamia 10, namba anayojulikana nayo Taifa Stars. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Huko alivaa 20, kwani msimu ulikuwa katikati na namba 10 ilikuwa ya nahodha, Jack Grealish.