Diastoli: Moyo Unapopokea

Mgonjwa mwenye misuli ya moyo iliyonenepa anaweza kutoka chumba cha eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na karatasi inayosema moyo wake unasukuma asilimia 70. Anaambiwa ni vizuri. Akipanda ngazi, pumzi zinamkatikia, na nyumbani wanamwona mdekaji tu. Karatasi haikudanganya, ila namba ile imepima kazi moja kati ya mbili.

Kusukuma ni sistoli. Kazi ya pili ni diastoli, kipindi ambacho msuli unaachia na chemba inajaa damu kabla ya pigo linalofuata. Wengi wetu tumeshakutana nayo: ndiyo iliyoipa jina namba ya chini kwenye kipimo cha presha.

Chukua moyo wa kawaida uliopokea mililita 120 ukasukuma 72. Hiyo ni asilimia 60. Moyo mnene, ambao chemba yake imebanwa na kuta, umepokea 80 ukasukuma 56: asilimia 70. Asilimia imepanda, damu imepungua.

Tofauti hujitokeza zaidi mwili unapofanya kazi. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 1 nzima, na sehemu kubwa yake ni ya kupokea. Yakifika 150 inabaki sekunde 0.4, na muda wa kupokea ndio unaokatwa zaidi. Moyo wenye afya huachia upesi ukafidia. Ulionenepa ni mgumu, hauachii haraka hivyo. Shinikizo linarudi nyuma hadi mapafuni na mtu anahema. Wengine huongezewa tatizo la njia ya kutokea damu kubanwa na ule unene, lakini hata asiye nalo anaweza kuchoka mapema.

Diastoli tuiiteje kwa Kiswahili? “Kulegea kwa moyo” kunamtisha mgonjwa bure, maana anasikia moyo umedhoofika. “Kutanuka” ni kubaya zaidi: moyo uliotanuka ni ugonjwa mwingine, wa chemba pana zinazosukuma kwa unyonge. Mimi nachagua “upokeaji”, likae sambamba na “usukumaji”. Kwenye maandishi ya kitaalamu diastoli ibaki ilivyo. Daktari anayesema “moyo wako unasukuma vizuri ila unapokea kwa shida” amemaliza maelezo kwa sentensi moja.

Kwenye karatasi ileile ya eko, upokeaji umeandikwa kwa herufi E na A. E ni damu inayoingia msuli unapoachia wenyewe. A ni ile inayoongezwa mwishoni na chemba ya juu ikijikaza. Daktari huzisoma pamoja na vipimo vingine. Na akimwandikia mgonjwa huyu dawa ya kupunguza mapigo, kama atenololi, hakusudii kuuchosha moyo: anaununulia muda wa kujaa.