Asali Yasema Ilikotoka

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua chupa ya asali sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Mama aliyeniuzia alisema, "Hii ni ya maua ya mikalitusi, baba, haina sukari ya dukani." Baada ya wiki tatu asali ile ikaganda, ikajaa chembe nyeupe. Nikarudi sokoni kwa hasira, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameniuzia sukari. Hakujibu neno, alichukua chupa, akanirudishia faranga zangu.

Nilikosa. Asali halisi huganda, kwa maana sukari yake mojawapo, iitwayo glukosi, haikubali kukaa muda mrefu katika maji machache yaliyomo. Asali ya maua haya huganda upesi, ya maua yale hukawia. Basi, yawezekanaje kujua kwa hakika nyuki walikwenda kwenye ua gani?

Swali hili lina umri. Xenophon Mgiriki asimulia kwamba yapata mwaka 400 kabla ya Kristo askari wenzake walikula asali karibu na mji uitwao leo Trabzon, nchini Uturuki, wakaanguka chini kama walevi, wasiweze kusimama mpaka siku ya tatu au ya nne. Watu wa leo wanajua sababu: nyuki wa milima ile hufyonza mbochi ya ua la rododendroni, nayo ina sumu. Wale askari walilijua ua kwa kuumwa tumbo.

Njia nyingine ilipatikana baada ya karne nyingi. Nyuki afyonzapo mbochi, vumbi la maua, yaani chavua, humganda mwilini, na kidogo yake huingia katika asali. Nayo chavua ya kila jamii ya mimea ina umbo lake. Mwaka 1895 R. Pfister wa Uswisi aliandika jinsi ya kuichunguza asali kwa mikroskopu. Huko Erlangen, Ujerumani, Enoch Zander alianza mwaka 1935 kuchapisha vitabu vyake vikubwa juu ya chavua katika asali. Kisha mwanamke wa Uswisi, Anna Maurizio, pamoja na Mfaransa Jean Louveaux na Mjerumani Günther Vorwohl, walitoa mwaka 1970 utaratibu ambao wataalamu wangali wakiufuata. Gramu 10 za asali huyeyushwa katika maji. Maji yale huzungushwa kwa nguvu katika mashine hata mashapo yatue chini. Ndipo chembe za chavua huhesabiwa moja moja.

Kwa desturi, chavua ya mmea mmoja ikifika 45 kwa mia, asali huitwa ya ua lile. Lakini mchesnati wa Ulaya humwaga chavua nyingi mno, hata wataalamu hudai karibu 90 kwa mia. Mlavenda hutoa chache, na 15 yatosha. Naipenda kanuni hii kwa kuwa yaungama udhaifu wake.

Na hapa kwetu je? Katika asali ya vilima vya Kabare au Walungu mtu hutazamia chavua ya mkalitusi, yenye pembe tatu, na ile ya mti mchungu ambao jirani zetu Wanyarwanda huuita umubirizi, yenye miiba pande zote. Atakuta pia chembe kubwa ya mviringo yenye tundu moja: hayo ni mahindi. Wala asidanganyike! Hindi halina mbochi hata tone. Nyuki hulifuata kwa ajili ya unga tu. Mhesabuji asiyejua hayo ataandika "asali ya mahindi", kitu ambacho hakijapata kuwako duniani.

Wahabeshi wametutangulia katika kazi hii: wataalamu wao wameichunguza asali nyeupe ya Tigray, na ile ya mti wa Schefflera kutoka misitu ya kusini-magharibi. Nasi hatukosi wajuzi. Mjapani Mitsuo Ichikawa alieleza mwaka 1981 jinsi Wambuti wa Ituri wanavyohesabu asali kuwa chakula kikubwa, na msimu wake hufuata kuchanua kwa miti mikubwa ya msituni. Watwa wa Kahuzi nao walikuwa wakirina asali mlimani, mpaka walipoondolewa baada ya mbuga kuanzishwa mwaka 1970.

Chavua peke yake haimkamati mwenye kuchanganya sukari. Hapo kemia hushika kazi. Kaboni iko ya namna mbili, nyepesi na nzito kidogo. Miwa na mahindi huhifadhi ile nzito kupita mimea mingi ipendwayo na nyuki. Mwaka 1978 Wamarekani Jonathan White na Landis Doner walionyesha kwamba kipimo hiki hufichua sukari ya mahindi ndani ya asali. Ikizidi 7 kwa mia, asali hukataliwa. Sukari ya kiazi cha Ulaya, ole, hupita bila kuonekana. Kwake vyatakiwa vipimo vingine.

Nilipokwisha kujua hayo nilimrudia mama yule na faranga zake, nikamwomba radhi. Alizihesabu, akazifunga kitambaani. Chupa yangu, alisema, aliiuza siku ileile kwa nusu ya bei, kwa sababu jirani zake wote walikuwa wamenisikia.