Ukitaka kuandika Wikipedia, mkumbuke mzee Seigenthaler

Wadau, wanaoanza kuandika kwenye kamusi elezo ya Wikipedia wana malalamiko yaleyale. Umekesha ukiandika makala yako, kesho yake unakuta kipande kizima kimeondolewa eti hakina chanzo. Unajiuliza, hawa watu kawapa nani madaraka? Jibu liko kwenye historia.

Kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia, iliyoanzishwa na Jimmy Wales mwaka 2000, Larry Sanger akiwa mhariri mkuu. Waandishi walitakiwa wawe wataalamu, na kila makala ilipita hatua saba za ukaguzi. Matokeo yake? Hadi inafungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika hata 30.

Tarehe 15 Januari 2001 wakafungua mlango wa pili: Wikipedia, ambako yeyote aliweza kuandika na kusahihisha papo hapo. Mwaka huo ulipokwisha, makala zilikuwa karibu 20,000. Kiswahili nacho kikapata toleo lake mwaka 2003.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa wote hauchagui mgeni. John Seigenthaler alikuwa mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, aliyewahi kuongoza gazeti la The Tennessean na kufanya kazi chini ya Robert Kennedy. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha akaandika kwenye Wikipedia kwamba mzee huyo aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na mdogo wake Robert. Kumbe Seigenthaler alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Robert!

Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne, na tovuti nyingine zikaunakili. Aliyeuandika alikuja kukiri kwamba alikuwa anamtania mfanyakazi mwenzake tu. Utani wake, jina la mzee wa miaka 78.

Novemba 29, 2005 Seigenthaler alieleza yaliyomkuta katika gazeti la USA Today. Mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya, na ikaanza kuandikwa kanuni maalumu ya watu walio hai: habari ya kumchafua mtu, kama haina chanzo, inaondolewa mara moja bila kusubiri mjadala.

Sasa wewe mgeni ufanyeje? Jisajili. Anza na madogo: rekebisha tahajia, weka tarehe iliyokosekana, tia chanzo pasipo na chanzo. Usijiandikie wasifu wako, wala wa bosi wako. Usinakili gazeti neno kwa neno. Aliyokusimulia babu yana thamani kubwa, ila yatafutie kwanza kitabu au gazeti linaloyathibitisha. Ukiondolewa maandishi, usiwake. Bonyeza historia ya ukurasa, utayakuta bado yapo. Kisha nenda ukurasa wa majadiliano uulize kwa heshima.

Kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi. Wahariri wetu ni wachache kuliko wa Kiingereza, kwa hiyo macho ya kuukamata uongo nayo ni machache. Kama uongo ulikaa miezi minne kule kwenye watu wengi, huku utakaa muda gani? Kabla hujahifadhi sentensi inayomhusu mtu, jiulize kama ungekubali iandikwe hivyohivyo juu ya mama yako.

Haya, karibuni tuandike.