Jani Lisilopimwa kwa Mizani: Sombe katika Historia ya Kampene na ya Kongo

Utangulizi

Kila taifa lina orodha ya mambo ambayo linadhani linayafanya vizuri kuliko mataifa mengine. Aghalabu orodha hiyo hujaa mambo makubwa. Kongo ikitajwa, wageni hukumbuka shaba ya Katanga, almasi ya Kasai na muziki wa rumba, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwezi Desemba 2021. Mambo madogo ya kila siku, yale yanayofanywa uani kati ya kinu na mafiga, hayaingii katika orodha hiyo. Hata wenyewe wanaoyafanya hawayahesabu kuwa ni ufundi.

Makala haya yanazungumzia jambo moja la aina hiyo, yaani utayarishaji wa majani ya muhogo, mboga inayojulikana mashariki ya Kongo kwa jina la sombe. Hoja yake ni kwamba hapa Kongo imefikia ubora ambao nchi nyingi zenye muhogo mwingi hazikuufikia. Lakini kudai ubora bila kutaja kipimo ni majigambo tu. Vipimo vitakavyotumika ni vitatu: kutumia kile ambacho wengine hukitupa, kukifanya salama kilicho na hatari, na kudumu wakati wa shida. Mfano utakaorejewa ni wa Kampene, mji wa machimbo katika wilaya ya Pangi, jimbo la Maniema, kwa sababu historia yake imeandikwa karibu yote kwa hesabu ya madini.

Mmea wa kigeni, jina la wenyeji

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, kisha ukaingia bara hatua kwa hatua, kutoka shamba hadi shamba. Katika misitu ya Maniema uliwakuta watu wenye kilimo chao. Miongoni mwa Warega, wenyeji wa sehemu za Pangi, ndizi ndiyo iliyokuwa nguzo ya chakula, ikisaidiwa na uwindaji, uvuvi na matunda ya msituni. Muhogo ulikuja kama mgeni, ukabaki kama mwenye nyumba.

Lugha inatoa ushahidi mmoja unaostahili kuangaliwa. Kiswahili kiliingia Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na misafara ya Waungwana na mabwana wao wa kutoka pwani, ambao maarufu zaidi alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeweka makao yake Kasongo. Waungwana ndio waliostawisha kilimo cha mpunga katika nchi hiyo, na hadi leo maneno mpunga na mchele yanasikika Maniema kama yanavyosikika Zanzibar, isipokuwa tofauti ndogo za matamshi. Kitu kilikuja na jina lake.

Kwa majani ya muhogo mambo ni tofauti. Huko Tanzania mboga hii huitwa kisamvu. Lau kama ujuzi wa kuipika ungaliletwa na misafara, tungalitazamia neno hilo lienee Maniema kama lilivyoenea neno mchele. Halikuenea. Mashariki ya Kongo husema sombe, na majirani wa Rwanda na Burundi husema isombe. Kinshasa, penye Kilingala, husema pondu. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, husema saka-saka. Ushahidi wa neno peke yake hautoshi kuthibitisha historia nzima. Hata hivyo, unaelekeza kwamba ujuzi huu haukupita katika njia ya watawala na wafanyabiashara wakubwa, bali ulipita mlango kwa mlango, kwa ndoa, kwa ujirani na kwa masoko ya chakula.

Masoko hayo yalikuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani. Soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ambalo Livingstone aliliona mwaka 1871, lilikusanya wanawake kwa mamia waliokuja na mazao ya mashamba yao. Ndilo lililoshambuliwa kwa bunduki na watu wa misafara tarehe 15 Julai mwaka huohuo, wakafa wengi. Anayetafuta wenye elimu ya jani la muhogo hana budi kuwatafuta miongoni mwa wanawake wa aina hiyo, ambao majina yao hayakuandikwa.

Kile ambacho wengine hukitupa

Kipimo cha kwanza ni matumizi. Nigeria huzalisha muhogo mwingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na imeendeleza ufundi mkubwa wa kutengeneza gari na vyakula vingine vya mizizi. Lakini majani hayaliwi sana huko. Mengi huachwa shambani au hupewa mifugo. Hata Brazil, ulikotoka mmea wenyewe, majani huliwa hasa katika jimbo la Pará, katika mlo uitwao maniçoba, ambao huchemshwa kwa muda wa wiki moja hivi. Kongo, kinyume chake, jani ndiyo mboga ya kwanza ya taifa: tajiri huila, maskini huila, nayo huonekana mezani siku ya arusi na siku ya matanga.

Haki inadai kutambua kwamba Kongo haiko peke yake. Msumbiji wana matapa, Madagaska wana ravitoto, Sierra Leone nao hula majani haya karibu kila siku. Tanzania ilifanya jambo la kushangaza zaidi. Wajerumani walipanda huko mashamba makubwa ya mti wa mpira ulio wa jamii moja na muhogo, mpaka bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913. Mashamba ya walowezi yalikufa, lakini mti ulibaki nyuma ya nyumba za watu, na majani yake yakawa mboga iitwayo kisamvu cha mpira. Kinachoitofautisha Kongo ni upana wa matumizi: jani si mboga ya pwani tu wala ya kabila moja, bali linaunganisha nchi kubwa ambayo vitu vichache sana huiunganisha.

Elimu iliyomo katika kinu

Kipimo cha pili ni usalama. Jani bichi la muhogo lina sumu. Ndani ya seli zake mna kiini kiitwacho linamarini, ambacho kikikutana na kimeng'enya cha mmea huohuo hutoa asidi ya sianidi. Katika jani zima vitu hivyo viwili hukaa mbalimbali. Mtwangio ndio unaovikutanisha: seli zinapopasuka, sumu hufunguka, kisha maji yanapochemka katika chungu kisichofunikwa, huondoka pamoja na mvuke. Kwa hiyo kutwanga si kulainisha mboga tu. Ndiyo hatua yenyewe ya kuondoa sumu.

Desturi ya kuunga mboga nayo ina maana yake. Katika Maniema sombe hupikwa kwa mawese, na ikiwezekana hutiwa samaki mkavu au karanga. Jani la muhogo lina protini nyingi kwa kulinganisha na mboga nyingine, lakini lina upungufu wa methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini vyenye salfa. Samaki huziba pengo hilo. Na salfa hiyohiyo ndiyo mwili unayoihitaji ili kuigeuza sianidi iliyosalia iwe kitu kisicho na madhara makubwa. Mawese, kwa upande wake, husaidia mwili kupokea karoteni iliyomo katika jani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wapishi hawakutumia istilahi hizi. Walitumia ulimi, macho na kumbukumbu ya watoto walioumwa na watoto waliostawi.

Isidhaniwe kwamba elimu hii haiwezi kupotea. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa uliowapoozesha watu miguu ghafla katika nchi ya Kwango, magharibi ya Kongo. Wenyeji waliuita konzo. Ugonjwa huo hutokana na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vya kutosha, hasa pale chakula chenye protini kinapokosekana. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Bandundu ulionyesha kwamba biashara ya muhogo ilipopata nguvu kwa sababu ya barabara ya kwenda Kinshasa, baadhi ya watu walipunguza siku za kuloweka ili kuwahi soko. Siku moja au mbili zilizookolewa ziligharimu miguu ya watoto. Nchi iliyo hodari katika jani ilionekana dhaifu katika mzizi, na sababu haikuwa ujinga bali haraka iliyoletwa na umaskini.

Kampene: madini na mboga

Kipimo cha tatu ni kudumu. Utawala wa Wabelgiji ulianzisha mwaka 1917 kilimo cha lazima, ambacho baadaye kilimdai mwanakijiji siku 60 za kazi kwa mwaka. Katika miaka ya 1930 machimbo ya bati yalipanuka katika Maniema, na maelfu ya wafanyakazi walihitaji kulishwa. Kilichopimwa kwa mizani kilikuwa mpunga, pamba, unga na madini. Jani halikuwa na bei ya kampuni, kwa hiyo halikuwa na mwandishi. Mwaka 1976 kampuni za machimbo ziliunganishwa katika Sominki, na Kampene ikawa mojawapo ya vituo vyake vya bati na dhahabu.

Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka. Sominki ilidhoofika mwaka hadi mwaka, nayo ikafikia mwisho wake mwaka 1997. Mshahara ulitoweka, duka la kampuni likafungwa, magari yakasimama. Kisha zikaja vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003. Reli ya Kindu ilinyamaza kwa muda mrefu, barabara zilimezwa na msitu, na watu wengi wa Maniema walivikimbia vijiji vyao.

Katika hali hiyo tofauti kati ya ghala na shamba la muhogo ilidhihirika. Mpunga uliovunwa unaweza kuporwa usiku mmoja. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi bila kuvunwa; na jani likichumwa leo, jingine huchipua. Si kwamba sombe ilizuia njaa. Watoto walikonda na wengi walikufa, kwa kuwa jani bila chumvi, bila mafuta, bila samaki, na bila muda wa kulitwanga na kulichemsha vizuri, ni nusu ya chakula. Hata hivyo nusu hiyo ilibaki pale ambapo kampuni, reli na serikali havikubaki.

Maadui wa jani

Jani lenyewe halikukosa maadui. Mwaka 1973 mdudu mweupe aliyetoka Amerika ya Kusini alionekana karibu na Kinshasa na Brazzaville. Alikausha ncha changa za muhogo, yaani sehemu ileile inayochumwa kwa mboga. Suluhisho lilipatikana mwaka 1981, pale nyigu mdogo anayemwangamiza mdudu huyo alipogunduliwa Paraguay, akaletwa katika kituo cha utafiti cha IITA huko Ibadan, Nigeria, na kusambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Kiongozi wa kazi hiyo, Hans Rudolf Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Baadaye aina kali ya ugonjwa wa batobato ilienea kutoka Uganda hadi Kongo, ikayakunja na kuyatia manjano majani.

Adui wa karibu zaidi ni mchanga wa dhahabu. Tangu serikali ya Zaire ilipowaruhusu wananchi, mwaka 1982, kuchimba dhahabu kwa mikono, vijana wengi wameyaacha mashamba na kwenda kwenye mashimo. Kazi ya kulima, kuchuma, kubeba na kutwanga imezidi kuwalemea wanawake na wasichana. Katika miji, mashini za kusagia sombe zimepunguza mzigo huo, na hilo ni jema. Ubora usiojali mgongo wa anayeutenda si ubora wa kujivunia. Linalofaa kuangaliwa ni kwamba mashini husaga tu. Ni muda gani wa kuchemsha, ni jani la umri gani, ni mti upi uachwe upumzike ili mizizi isidhoofike: hayo bado yamo katika kumbukumbu za watu, na hayajaandikwa.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kwa vipimo vyote vitatu, matumizi, usalama na kudumu, Kongo ina haki ya kulitaja jani la muhogo miongoni mwa mambo inayoyafanya vizuri kuliko nchi nyingi. Imeonekana vilevile kwamba sifa hiyo si ya dola. Dola ilipima madini, na madini yalipokwisha thamani iliondoka nayo. Sifa ni ya wanawake wa Nyangwe, wa Pangi, wa Kampene na wa kwingineko, waliopokea mmea wa kigeni wenye sumu wakaugeuza kuwa mboga ya taifa.

Kwa idara za Kiswahili limebaki jukumu lililo wazi. Msamiati wa kinu na wa chungu katika Kiswahili cha Maniema, pamoja na ule wa Kirega unaokwenda sambamba nao, ukusanywe sasa, kabla wazee wanaoujua hawajaondoka. Kila neno linalotaja hatua moja ya kazi hiyo limebeba kipande cha elimu iliyochukua vizazi kupatikana. Historia ya Konzo imeonyesha kwamba elimu ya aina hiyo inaweza kupotea kwa siku mbili tu za haraka.