Bomba la Maji la Holborn

Bomba la Maji la Holborn ni bomba la umma la maji ya kunywa lililojengwa kwenye uzio wa kanisa la St Sepulchre, London, Uingereza. Lilifunguliwa tarehe 21 Aprili 1859 na chama kilichoanzishwa na mbunge Samuel Gurney na wakili Edward Wakefield ili maskini wapate maji safi bure. Miaka 5 kabla, daktari John Snow alikuwa ameonyesha kwamba maji machafu hueneza kipindupindu. Mwaka 1867 liliondolewa kupisha ujenzi wa daraja la Holborn Viaduct, likarudishwa mwaka 1913. Vikombe vya chuma vingali vimefungwa kwa minyororo, na maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe yanamhimiza mnywaji arudishe kikombe mahali pake. Ni urithi unaostahili kutunzwa.