Majuu: Leseni ni Rahisi, Lakini Kulungu Mzae Amejificha Wapi?

Kama una cuzo anaishi Colorado, Marekani, kila mwanzo wa Aprili utamskia akipiga story za droo. Hiyo si betting. Ni droo ya leseni za kuwinda, na wengi wanatafuta mule deer, kulungu wa magharibi mwenye masikio makubwa kama ya punda. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, so hii game ni ngeni kwetu.

Tangu 1999, kila leseni ya kulungu Colorado hupitia droo. Ukikosa chaguo lako la kwanza unapewa pointi, na pointi ndizo zinakusogeza mbele kwa laini. Maeneo yenye jina yanakula pointi za miaka mingi. Mengine unapata bila pointi hata moja. Noma ni kwamba eneo rahisi mara nyingi lina wasee wengi na madume wachache waliokomaa. Wachache, si sufuri. Dume wa miaka mitano kwenda juu amefika hapo kwa sababu anajua watu hupita wapi.

Kwa hivyo usianze na bunduki, anza na karatasi. Colorado Parks and Wildlife hutoa ripoti za droo na za wanyama waliowindwa, pamoja na hesabu ya madume kwa kila majike 100. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kukazia macho. Ukipata eneo rahisi lenye hesabu poa, jiulize mbona watu wanalikwepa. Pengine ardhi ya umma iko vipande vipande katikati ya ranchi za wenyewe (na huko huingii bila ruhusa). Pengine ni mlima wa kuua magoti.

Msimu nao una maneno. Novemba ni wakati wa kupandana, na mzae husahau akili zake zote, anafuata majike mchana peupe. Ndio maana leseni za katikati ya Novemba ni ngumu kupata. Za mwisho wa Oktoba ni rahisi kiasi, lakini hapo bado amejificha.

Sasa kazi ni macho. Kaa chini kabla jua litoke, weka darubini kwa stendi, na usome mteremko polepole. Hutaona kulungu mzima. Utaona sikio, ncha ya pembe, ama kitako cheupe. Jua likipanda analala kivulini. Usidharau kabonde kadogo karibu na barabara ambako kila gari linapita likikimbilia juu, wala msitu ulioungua zamani ukaota vichaka.

Pembe zisikudanganye. Hudondoka na kuota upya kila mwaka, na dume kijana anaweza kuwa na pembe pana. Umri uko kwa mwili: kifua kizito, shingo nene, tumbo limelegea, miguu inaonekana mifupi.

Msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya machungwa ama pinki inayong'aa, inchi 500 za mraba, pamoja na kofia. Aliyezaliwa kuanzia 1949 anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Na kama uko huko na visa ya masomo, sheria ya bunduki kwa wageni ni kali: ongea na wakili kabla hujashika hata ya beshte yako.