Alama za SAT

SAT ni mtihani unaofanywa na wanafunzi wa sekondari wanaoomba kujiunga na vyuo vikuu vya Marekani. Huendeshwa na shirika la College Board, na ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Hufanyika pia nje ya Marekani, zikiwemo Kenya na Tanzania. Matokeo yake hutolewa kwa namna mbili, yaani alama na pasentaili, na namna hizo mbili huchanganywa mara nyingi.

Alama

Mtihani una sehemu mbili: kusoma na kuandika, na hisabati. Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, hivyo jumla ni kati ya 400 na 1600. Kati ya miaka 2005 na 2016 jumla ya juu ilikuwa 2400, kwa hiyo matokeo ya kipindi hicho hayalingani moja kwa moja na ya sasa.

Alama hizo si idadi ya majibu sahihi. Majibu hugeuzwa kwa kipimo kinachozingatia ugumu wa maswali, ili aliyepata karatasi ngumu asipunjwe. Hata mtahiniwa asiyepata swali lolote hupewa 400. Kwa sababu hiyo kugawanya alama kwa 1600 ili kupata asilimia, kama inavyozoeleka katika mitihani ya shuleni, hakuna maana.

Pasentaili

Pasentaili huonyesha nafasi ya mtahiniwa kati ya wenzake. Aliye kwenye pasentaili ya 75 amepata alama sawa na, au zaidi ya, asilimia 75 ya kundi analolinganishwa nalo. Haina maana kwamba amepata asilimia 75 ya maswali.

Alama 1200 huwa karibu na pasentaili ya 75, na kwa kuwa 1200 ni robo tatu ya 1600, wengi hudhani hesabu ni ileile. Ni sadfa tu: 800 ni nusu ya 1600, lakini pasentaili yake iko chini ya 20. Watahiniwa wamejazana katikati. Kupanda kutoka 1000 hadi 1100 huwapita wengi sana, ilhali kutoka 1450 hadi 1550 huwapita wachache.

Ripoti ya matokeo huweza kuwa na pasentaili mbili. Moja hulinganisha na waliofanya mtihani kweli. Nyingine hukadiria wanafunzi wote wa Marekani wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari, hata wasioufanya. Hii ya pili kwa kawaida huwa juu zaidi, na anayeisoma peke yake huweza kujipa matumaini yasiyo na msingi.

Mwaka 1995 kipimo kilirekebishwa, kwa kuwa wastani wa sehemu ya lugha ulikuwa umeshuka chini ya 430. Wastani ulirudishwa karibu na 500. Alama zilipanda, lakini nafasi ya mtu kati ya wenzake haikubadilika kwa hilo.

Matumizi katika vyuo

Vyuo vingi hutangaza alama za pasentaili ya 25 na ya 75 za wanafunzi waliowapokea. Hapa kundi ni jingine kabisa. Chuo kikitangaza 1350 hadi 1510, mwombaji mwenye 1350 amewapita takriban asilimia 90 ya watahiniwa wote, lakini robo tatu hivi ya waliopokelewa chuoni humo wako juu yake. Hata hivyo 1350 si kiwango cha chini cha kupokelewa, kwa kuwa robo moja waliingia na alama hiyo au pungufu.

Baada ya mlipuko wa UVIKO-19 mwaka 2020 vyuo vingi viliacha kudai SAT. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, ilhali Chuo Kikuu cha California hakiangalii tena alama hizo katika kuchagua wanafunzi. Mtihani mwingine, ACT, hutumia kipimo cha 1 hadi 36, na pasentaili zake husomwa kwa namna hiyohiyo.